Bafta Iliyopakiwa Kwanza

Mwanangu Zainabu,

Barua za zamani zilianza kwa kuulizana afya. Afya yako naijua. Asubuhi nimekusikia ukiimba bafuni, na baada ya hapo umekula maandazi yote mama yako aliyoniwekea mimi. Afya yangu nayo unaijua, ni magoti tu. Kwa hiyo hayo tuyaruke.

Nakuandikia nikiwa barazani kwetu hapa Pongwe, alasiri, wewe na mama yako mmekwenda Raskazone kumuaga shangazi yako. Kwa ninavyomjua dada yangu, hatawaachia mpaka mmekula, mpaka amelia, na mpaka amekupa kitu kizito kisichoingia begini. Begi lenyewe liko hapa mbele yangu juu ya benchi, wazi na tupu, maana uliniomba nikupangie mimi. "Baba, wewe ndiye fundi," ulisema huku unacheka. Vitu vyako vyote vimerundikwa kitini. Kesho alfajiri utapanda basi kwenda Dar es Salaam, kutoka huko ndege, na mimi nitabaki na baraza langu.

Luteni usu wa ugavi! Mimi nilistaafu nikiwa sajinitaji, kwa hiyo tukikutana barabarani na sare zetu, wa kupiga saluti ni mimi. Mama yako kalipenda sana hilo. Siku uliyokuja na nyota yako begani alinisimamisha mlangoni akasema, "Haya mzee, mkono juu, afande anapita." Nilipiga, na nilipiga kwa moyo mmoja, ingawa nilijifanya nimekereka.

Sitakuandikia habari za kuchemsha maji wala kukausha soksi. Mama yako ameyasema hayo wiki nzima, tena kwa sauti ya kusikika mpaka kwa jirani. Nataka kukujibu lile swali lako la Ijumaa.

Ijumaa ulinionyesha kwenye simu somo mlilopewa kozini, historia ya Kamandi, ile ya majeshi ya mataifa rafiki iliyopeleka misaada. Nilitazama picha za meli, maghala, vijana wamejipanga wanapokea magunia, na mistari ya rangi ya takwimu inayopanda kila ukurasa. Ukaniuliza, "Baba, wewe si ulikuwepo? Ilikuwaje?" Nikakujibu, "Kawaida tu." Ukanitazama kidogo, kisha ukarudi kwenye simu yako. Jibu lile limenikaa kifuani tangu siku hiyo, kwa kuwa haikuwa kawaida hata kidogo, na kesho unakwenda kufanya kazi ileile, katika Kamandi ileile iliyofufuliwa kwa jina jipya na kupelekwa nchi nyingine. Nimechoka mwanangu, lakini sijachoka kiasi cha kukuacha uondoke na "kawaida tu".

Mwanzo haikuwa Kamandi. Nchi ile, ambayo hapa nyumbani tulizoea kuiita Ng'ambo tu, ilikuwa imetoka vitani na jeshi lake lilikuwa la vijana wasio na kitu. Wakaomba marafiki. Mataifa kadhaa yakakubali kutoa watu, na sisi tukatoa walimu wa udereva na mafundi wa magari. Walipewa shule iliyobomoka nusu, wakalala madarasani, wakafundisha uwanjani. Vijana wa watu walijifunza kuendesha lori kwa kusukuma lori, maana mafuta hayakuwepo. Kwa hiyo ikaombwa shehena ya mafuta, vipuri, mahema, unga na viatu. Hapo ndipo walipohitajika watu kama mimi.

Meli ya kwanza niliipakia mwenyewe hapa bandarini Tanga. Nilikuwa kijana bado, na nilijiona sana. Niliyaweka mahema chini kabisa kwa kuwa yalikaa vizuri pale, yakajaa kona zote bila nafasi kupotea, juu yake unga, juu ya unga viatu. Meja wetu alichungulia akasema, "Sajini, umepanga kama duka la Kihindi." Nikadhani kanisifu.

Tulipofika Ng'ambo mvua ilikuwa inamwagika. Gatini hapakuwa na paa wala ghala. Kitu cha kwanza kilichohitajika ni mahema, ili unga usilowe, na mahema yalikuwa chini ya unga. Ilibidi tuutoe unga wote mvuani ili tuyafikie mahema ya kuukinga unga na mvua. Nusu uliganda palepale. Meja hakupiga kelele. Alisimama karibu yangu, maji yanamtiririka kwenye kofia, akasema, "Cha mwisho kutumika ndicho cha kwanza kupakiwa. Sema." Nikasema. Akanisemesha tena na tena mpaka wapagazi wa pale, wasiojua Kiswahili, wakawa wanaitikia pamoja nami. Najua na nyinyi mmefundishwa hilo, tena darasani, penye feni. Mimi nilifundishwa nikiwa na uji wa unga hadi magotini.

Baada ya hapo Kamandi ikakua. Shule ikawa kambi, kambi ikawa mji. Tukajenga maghala ya mabati, halafu kiwanda cha mikate, halafu hospitali ndogo, halafu nyumba kubwa ya dobi ya kufulia mashuka ya hospitali. Kila kitu kikapigwa muhuri wa wino mweusi, kuanzia sufuria na koleo hadi mashuka, kwamba ni mali ya Kamandi. Wino wenyewe ulikuwa hautoki hata ukichemsha. Alikuwepo na kinyozi. Kila aliyekuja kusaidia alihitaji mtu wa kumpikia, na mpishi alihitaji mtu wa kumletea kuni, na mwenye kuni alihitaji lori. Ikafika mahali nasimama getini natazama malori yanayoingia, naona mengi yametuletea sisi wenyewe chakula. Mistari ile ya kwenye simu yako ilikuwa inapanda kweli. Ila hakuna aliyeuliza inampandia nani.

Na mimi sikuuliza. Nilikuwa nafurahia ghala langu. Unakumbuka nilivyokuwa nikikugombeza ukirudisha kikombe kabati lisilo lake? Ndivyo nilivyokuwa kule, mara kumi. Siku moja nikawaona askari wa pale wamezikata buti tulizowaletea, wamezifanya makubadhi. Nilipandwa na hasira, mwanangu, sijui nikueleze vipi. Buti mpya, ngozi nzuri, nimezisafirisha mwenyewe! Nikamwendea mwenzangu wa ghala, mtu mzima wa nchi ileile, nikamwambia watu wako hawana shukrani. Yeye akaniambia kwa upole, "Bwana Juma, huku tunatembea majini nusu ya mwaka. Kiatu cha kufunga kikijaa maji kinamtoa mtu ngozi. Mngetuuliza." Nilichukia wiki nzima, na sababu ya kuchukia ni kwamba alikuwa amesema kweli. Nilikuwa nimekwenda kule kutoa, na nilitaka kushukuriwa kwa namna niliyoipanga mimi. Ukiona hasira za aina hiyo zinakuja, kaa chini unywe maji.

Sasa nakuja kwenye lile lililonifanya Ijumaa nikuambie "kawaida tu".

Kabla ya safari yetu ya mwisho kule, mimi ndiye niliyepewa kazi ya kuandaa mahitaji ya kikosi chetu. Katika kikosi alikuwepo mwenzetu mmoja aliyekuwa akituswalisha, tulimwita Ustadhi. Akaja ghalani, akazungukazunguka, akaniuliza taratibu, "Sajini, na bafta umeweka?" Alikuwa akiulizia sanda.

Nilimfukuza. Nilimwambia, "Tunakwenda kusaidia watu, hatuendi kufa." Akasema, "Sikusema tunakwenda kufa. Nimeuliza kama umeweka." Nikamwambia atoke.

Wewe ni mtoto wa hapa, utanielewa kuliko meja yeyote. Kwetu mtu mzima akijiwekea sanda yake mwenyewe ni ucha Mungu. Mama yako anayo ya kwake sandukuni, wewe mwenyewe uliwahi kuitoa utotoni ukajitanda ukicheza bibi arusi, ukachapwa mpaka nyanya yako akaja kuamua. Lakini kumwekea mwenzio sanda, tena kijana mzima mwenye nguvu zake, ni kama kumwita Izraili kwa jina. Nilipakia dawa, machela, bandeji, mafuta ya taa, mpaka nyavu za mpira wa wavu. Bafta mkono wangu ulikataa. Nilijiambia nawalinda vijana wangu.

Katika vijana hao alikuwepo Mbaraka, dereva, mtoto wa Ushongo. Nyumbani kwao wote wavuvi, yeye akaogopa bahari. Hebu fikiria, mtu wa Ushongo anatapika melini kabla haijang'oa nanga! Tulimcheka njia nzima. Alikuwa na tabia ya kuendesha lori huku ameweka mkate wa moto mapajani, anadai unamtuliza tumbo. Alipenda kunichokoza, ananiita "mama mwenye nyumba" kwa jinsi nilivyozilinda funguo zangu. Nilimpenda. Sikuwahi kumwambia, kwa kuwa sajini hamwambii dereva maneno hayo.

Mvua za mwaka ule zilikata barabara na kuufanya uwanja wa ndege kuwa ziwa. Mbaraka akashikwa na malaria, tukadhani ya kawaida, akacheka nayo, akaendelea kuendesha. Ikapanda kichwani. Hospitali ya Kamandi ilifanya kila ililoweza, namshuhudia daktari wake mbele ya Mungu. Mbaraka akafariki asubuhi, jua linawaka baada ya mvua, siku ambayo kila kitu kilionekana kisafi.

Ndege haikuweza kutua. Jokofu la maiti lilikuwa limekufa. Mkuu wa kikosi akasema tutamzika palepale. Ustadhi akaja kwangu mlangoni mwa ghala. Sikuhitaji aseme kitu. Alinyoosha mkono tu, kama mtu anayepokea.

Nilikuwa na ghala lililojaa mpaka dari, Zainabu. Nilikuwa na buti za watu ambao walikuwa hawajazaliwa bado. Kitambaa cheupe cha kumvika Mbaraka sikuwa nacho. Mji wa karibu wenye duka ulikuwa ng'ambo ya mto, na daraja lilikuwa limekwenda na maji.

Tukachukua mashuka ya hospitali. Sheria ya dini haina tatizo na hilo, Ustadhi alinihakikishia, kitambaa chochote kilicho safi kinatosha. Tatizo lilikuwa muhuri. Kila shuka lilikuwa na ule muhuri mweusi, mali ya Kamandi, kwenye pembe zote. Tulichemsha, tukasugua kwa majivu, kwa sabuni, kwa ndimu. Nilisugua mpaka vidole vikachubuka. Haukutoka. Nikataka kuzikata pembe, shuka likawa fupi, Mbaraka alikuwa mrefu. Mwishowe tukaigeuza mihuri ndani, imwelekee yeye, ili sisi tusiione. Petro, seremala wetu, Mkristo, mtoto wa wakata mkonge wa huku kwetu, alizing'oa rafu za ghala langu akazipasua viunza vya kufunikia kaburini. Hakuniomba ruhusa na mimi sikumzuia. Ndizo rafu pekee zilizowahi kutoka ghalani kwangu bila sahihi.

Basi tulimzika kijana wa watu na maandishi mwilini kwamba yeye ni mali ya Kamandi. Sijawahi kulala vizuri mvua ikinyesha tangu siku ile. Mama yako miaka yote alidhani ni magoti.

Kamandi ilifungwa si muda mrefu baadaye. Wakubwa walitia sahihi mahali fulani, na sisi tukaambiwa tufungashe. Mji wote ule ulirudi kuwa shule iliyobomoka. Magari tuliwaachia wenyeji, vipuri tukavisahau, kwa hiyo magari yakafa. Kilichobaki ni wale vijana waliojifunza kuendesha lori kwa kulisukuma. Mwenzangu wa ghala aliniandikia mara moja, akasema wengi wao sasa ni madereva wa mizigo na wana watoto. Nadhani hiyo ndiyo kazi tuliyofanya, ile ya mwanzo, tulipokuwa hatuna kitu. Somo lako linaipa ukurasa mmoja.

Niliporudi nilikwenda Ushongo kwa mama yake Mbaraka. Nilivaa sare, nikaivua, nikavaa kanzu, nikaivua, nikaenda na shati. Alikuwa ameketi ukumbini anasuka ukili wa mkeka. Nikamwamkia shikamoo, akaitikia, akanikaribisha, akaniletea maji. Nikamwambia habari za maradhi, za mvua, za ndege. Alisikiliza yote. Halafu akauliza jambo moja.

"Mwanangu mlimvika nini?"

Njiani kote nilikuwa nimejiandaa kumwambia bafta. Jibu lilikuwa tayari mdomoni. Lakini alinitazama, nikamwambia mashuka ya hospitali.

"Yalikuwa masafi?"

"Masafi, mama. Niliyafua mwenyewe."

Nikamwambia na habari ya muhuri. Vidole vyake vikaendelea kusuka. Baadaye akasema, "Na wewe ndiye uliyekuwa na kazi ya kuchukua vitu?"

"Mimi, mama."

"Uliogopa kuichukua sanda."

"Niliogopa."

"Hata mie ningeogopa," akasema. Akaukunjua ukili, akautazama, akaukunja tena. "Safari nyengine uchukue."

Nikaitikia ndiyo. Safari nyingine sikuipata. Kamandi ilishafungwa, nikamaliza utumishi wangu kwenye ghala la sare huko bara, nikastaafu, na mama yake Mbaraka akafariki. Nilikwenda mazikoni kwake, nikashika jeneza pamoja na watoto wa Ushongo wasionijua. Nikajua ile ahadi imebaki na mimi.

Halafu wewe ukaja na nyota yako na barua ya kupangiwa.

Juzi nilikwenda mjini kununua bafta. Nilipita nje ya duka la vitambaa kama mwizi, nikaenda kunywa kahawa, nikarudi. Kijana wa dukani ananifahamu kwa sura. Nilipotamka tu bafta akasimama, akaweka simu chini.

"Poleni sana, mzee. Kaondoka nani?"

"Hakuna aliyeondoka. Nikatie ya kutosha."

Akanitazama, kisha akatazama chini kwa adabu. "Samahani mzee, ya mwanamume au mwanamke?"

Swali hilo ni la kawaida dukani, maana mwanamke huvikwa vipande vitano na mwanamume vitatu, na kijana alitaka kujua akate kiasi gani. Mimi nilisimama pale mbele ya mikeka ya plastiki na mashungi yanayoning'inia. Nikasema, "Mwanamume." Sikuweza kusema vingine. Ningekutaja.

Nyumbani nikaiweka juu ya kabati, mama yako akaiona palepale. Unamjua yeye ndiye anayeitwa mtaa huu mwanamke akifariki, ameosha na kuvika wengi kuliko anavyotaka kukumbuka. Haikumchukua muda. Aliifunua, akaipima kwa mkono.

"Baba Zainabu, hii n'nini?"

Nikamweleza. Nilimwambia habari ya Mbaraka yote, hata muhuri, kwa mara ya kwanza tangu tuoane. Nilimwambia kwamba askari wako wakikufia kule mtu atakuja mlangoni kwako na kunyoosha mkono, na lazima uwe na cha kumpa. Alisikiliza. Alilia kwa ajili ya Mbaraka. Kisha akaikunja bafta akanirudishia.

"Maskini. Mungu amrehemu. Na hii haiingii katika begi la mwanangu."

"Si yake. Ni ya yeyote."

"Yeyote gani? Begi la nani? Wamtilia mtoto sanda begini mwake, yu mzima, anacheka! Haiingii, na ukiitia nitaitoa. Tena hukuona hata haya ukanunua ya mwanamume."

Tangu hapo hatujasemezana vizuri. Ukiona chai yangu imekuja bila sukari, ndiyo sababu. Wewe ulidhani tunalia kwa safari yako, na sisi tulikuwa tunagombana kwa ajili ya kitambaa.

Nilipoanza barua hii nilikuwa sijaamua. Kusema kweli niliianza ili nisiamue, nikae nikiandika mpaka mrudi, begi likiwa tupu na mimi nina sababu. Naona sasa nimeshafika mwisho wa niliyokuwa nayo. Ngoja niinuke nikaichukue pale juu ya kabati, walau niitazame.

Nimerudi. Ilinichukua muda, magoti na mengineyo.

Zainabu, bafta ile imeongezeka. Niliishika nikaiona nzito, nikadhani ni mikono yangu. Nikaikunjua kitandani. Ndani ya vipande vyangu vitatu kuna viwili zaidi, vimekunjwa vizuri kuliko nilivyokunja mimi, na kichupa kidogo cha marashi kimefungwa kwenye pamba. Vile viwili vinanukia udi. Vina alama za mikunjo ya siku nyingi. Nikalifungua sanduku la mama yako, jambo ambalo sijalifanya katika ndoa yetu yote, na sanda yake iko pale, imepungua.

Hakuniambia. Amekwenda Raskazone amevaa vizuri, amenikemea kuhusu viatu vyangu mlangoni, na hakuniambia. Aliona inapungua kwa mwanamke, akatoa kwenye yake. Nimekaa kitandani nimelia mpaka paka akaja kunitazama. Sisemi hili ili uhuzunike. Nakuambia kwa sababu hatakuambia yeye, wala usimuulize. Ukimuaga kesho mshike tu kidogo zaidi.

Sasa najua la kufanya, na ni jambo nililofundishwa kitambo kwenye gati la watu, mvua inanyesha. Nimeiweka bafta begini kwanza, chini kabisa, kabla ya kitu chochote. Juu yake nimeweka sare zako, juu ya sare viatu, na makubadhi pia, ukiona watu wanatembea majini. Halafu khanga za mama yako, msahafu, tende, na hicho kizito atakachokuja nacho kutoka kwa shangazi yako, kitapata nafasi. Barua hii itakaa juu ya vyote, kwa kuwa ndiyo utakayoifikia kwanza.

Mtu akikujia mlangoni kwa ajili ya mwenzake, mpe. Usimwulize wa dini gani wala wa nchi gani, wala usingoje akuombe. Na wasipokujia, usilipekue begi mpaka chini. Litumie kwa juu, livurugwe upendavyo, sitasema kitu. Siku ukirudi liweke hapahapa kwenye benchi, ukaoge, ule maandazi yangu. Kile cha chini nitakitoa mwenyewe, nikirudishe sandukuni kwa mama yako.

Nasikia bajaji inakata kona. Sauti ya kwanza ni ya mama yako, anabishana na dereva.

Babako,
Juma